Gunia la Vunjavunja

Tarehe 4, mwezi wa pili

Dada yangu mkubwa,

Kabla hujauliza, mimi ni mzima. Mgongo ndio unaolalamika, lakini umelalamika siku nyingi bila kupata wa kuusikiliza, kwa hiyo tuuache. Natumaini wewe na mwanangu Chiriku mko salama, na kwamba bado anaongea mpaka sufuria zinamwomba anyamaze.

Barua hii anaileta dereva wa lori, yule wa kofia ya sufi ambaye haivui hata kwenye joto. Amebeba na gunia langu. Ndani yake ni biskuti. Nilikwambia nimeacha kazi ya zege nikapata nyingine kiwandani. Basi ni kiwanda cha biskuti, na kazi yangu ni kupakia katoni kwenye malori, asubuhi hadi jioni. Katoni moja si nzito. Taabu ni kwamba haziishi.

Hapa wana desturi yao. Biskuti zinazovunjika mashineni haziendi dukani. Kila Jumamosi tunapanga foleni na mifuko yetu, msimamizi anatupimia kwa kopo, na hiyo ndiyo asante ya saa za ziada. Sisi tunaziita vunjavunja. Wenzangu wanakwenda kuziuza mitaani. Mimi nazikusanya nimtumie mtoto. Utamu ni ule ule, ila hazina sura.

Dereva ameniambia siku hizi hupiki tu pale shuleni, unafundisha watoto kupika. Nilicheka peke yangu ngazini mpaka jirani akafungua mlango. Dada, mtoto anapelekwa shule akajue kusoma, leo anamenya karoti? Sisi nani alitufundisha? Mwalimu wetu alikuwa njaa, na hakuwahi kwenda likizo. Lakini hongera. Siku nikirudi nitasimama ukiingia, kama wanafunzi wako.

Mimi mdogo wako,
kuli wa biskuti

*

Tarehe 19, mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Cheka tu. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unatoa vitunguu kwenye mchuzi kimoja kimoja, unavipanga ukingoni mwa sahani kama shanga. Ungepita mikononi mwangu wakati ule usingekuwa na mgongo wa kulalamika sasa.

Gunia lilifika limejaa, ahsante. Ila linapungua haraka, na mimi sizigusi kwa ajili ya meno yangu. Nadhani ni panya. Nimetega mtego, haujanasa kitu.

Ndiyo, nafundisha. Mwalimu mkuu amepanga kila darasa liingie jikoni mara moja kwa wiki. Wanaosha mikono mpaka kwenye viwiko, wanachambua maharage, wanakata mboga, kisha wanapakua wenyewe. Kabla ya kula namwambia mmoja asimame aeleze kilichomo sahanini: kipi kinajenga mwili, kipi kinatia nguvu, kipi kinalinda. Juzi mtoto wa darasa la pili alisema maharage yanalinda. Nikamwuliza yanalinda vipi. Akasema, "Ukishayala hakuna mtu anayekusogelea." Darasa zima likalala chini kwa kicheko, na mimi nikiwa juu yao.

Hayo ndiyo mazuri. Baya ni kwamba sufuria zinarudi na chakula nusu. Mwanzo wa muhula walikuwa wanakwangua. Sasa wanakaa mbele ya sahani wanachezea kijiko. "Tumeshiba, Mama Mpishi." Wameshiba nini, upepo? Nimeonja mara mia. Chumvi ipo, kitunguu kipo, hakuna kilichoungua.

Mwenye duka la kona ameomba chumba cha jiko akigeuze kantini, auze soda na vitafunwa. Mwalimu mkuu hapendi, lakini wazazi wananung'unika kwamba kuni zao na mchele wao vinamwagwa. Ameniambia wazi: "Mama Mpishi, muhula ukiisha na sufuria bado zinarudi hivi, sitakuwa na neno la kuwaambia." Jiko likifungwa, kazi yangu imefungwa nalo. Na wapo watoto hapa ambao sahani yangu ndiyo chakula chao cha siku. Hao siwaoni kwenye foleni ya kantini.

Mwanao naye hali vizuri. Nikimpakulia jioni anasema tumbo limejaa. Nimemshika paji la uso, hana homa. Sielewi.

Dada yako

*

Tarehe 20, mwezi wa pili

Baba shikamoo,

Mimi sijambo. Shangazi anafunga bahasha yake kesho kwa hiyo naandika haraka, na hii dereva atakupa mkononi, usimwambie shangazi nimeandika mambo haya.

Baba leta biskuti nyingine. Za krimu zinapendwa kuliko zote, hata zikiwa nusu. Zile za tangawizi usiweke nyingi, watoto wanazirudisha. Shuleni sasa naitwa Mkurugenzi. Mapumziko ya saa nne nakaa nyuma ya ukuta wa vyoo nagawa. Anayebeba mkoba wangu anapata mbili, anayenipigia hesabu anapata tatu, anayeniita Chiriku Mdomo hapati kitu. Zamani walikuwa wananiita hivyo kila siku. Sasa hakuna.

Niliwaambia kiwanda ni cha kwetu. Sikusema ni chako, nilisema cha kwetu. Si unafanya kazi humo?

Shangazi anatupikisha. Mimi najua kukata kitunguu bila kulia, siri ni kufungua mdomo. Lakini chakula chenyewe siwezi kukimaliza, tumbo linakuwa limejaa.

Wewe unakula nini huko? Lazima kila siku unakula biskuti nzima!

Mwanao,
Chiriku (Mkurugenzi)

*

Tarehe 8, mwezi wa tatu

Mkurugenzi wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya katoni za kwetu, maana nimeona ndivyo unavyoziita. Nimemsomea na mzee ninayelala naye chumba kimoja, tunamwita Buli kwa sababu hajawahi kuonekana bila chai. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie Mkurugenzi anipandishe cheo."

Usiseme sana habari ya kiwanda. Mwenye kiwanda akisikia atatufukuza sote wawili.

Baba yako anakula vizuri. Nyama, matunda, kila kitu. Usinifikirie mimi. Mimi nafanya kazi, nikichoka nalala, nikiamka nimechoka lakini nafanya kazi.

Za krimu nimekuwekea nyingi. Wenzangu niliwapa za tangawizi wakanipa za krimu. Gawa kwa haki. Mtu akikubebea mkoba, mwambie ahsante, biskuti peke yake haitoshi.

Baba yako

*

Tarehe 8, mwezi wa tatu

Dada,

Pole na sufuria zako. Usikonde. Watoto wa siku hizi wana matumbo madogo, wanataka kubembelezwa. Ongeza mafuta kidogo, wataona kinang'aa.

Nimefikiria jinsi ya kukusaidia. Safari hii nimetuma magunia mawili. Moja la Chiriku. La pili ni lako, uwagawie watoto wa jikoni wanapoingia, ili wapende kuja. Mtoto akionja kitamu mlangoni, hata maharage atayala. Nimeweka na kopo kubwa lenye mfuniko kwa ajili ya hao panya.

Huku ni yale yale. Malori yameongezeka, watu hawajaongezeka. Kuna saa za mchana macho yangu yanaona katoni mahali ambapo hakuna. Lakini usimwambie mtoto.

Mdogo wako

*

Tarehe 27, mwezi wa tatu

Wewe,

Panya nimemnasa. Ana miguu miwili, sare ya shule na utepe kichwani.

Jana saa nne nilitoka kumwaga maji machafu, nikasikia sauti yake nyuma ya ukuta wa vyoo kabla sijamwona: "Asiyebeba mkoba jana asinyooshe mkono!" Na mwingine: "Mkurugenzi, mimi niliubeba mpaka getini!" Nikazunguka. Amekaa juu ya ndoo yangu, ile ninayoitafuta tangu mwezi uliopita, ameigeuza kiti. Kopo lako lenye mfuniko liko mapajani. Mbele yake ni nusu ya shule, na walio nyuma wanasukumana.

Nikasema, "Mkurugenzi, na mimi nipange foleni?"

Walitawanyika kama kuku. Yeye hakukimbia. Alinitazama akasema, "Shangazi, zako zipo, nilikuwekea za krimu." Nilitaka kumchapa nikashindwa, nikaenda kukaa jikoni.

Kwa hiyo sasa unajua wanashiba nini. Wanashiba saa nne, kwa mkono wa mwanao, kwa gunia lako. Saa saba mimi nawapakulia wali, wao tumbo limejaa sukari na unga. Na wewe mwenye akili ukaona dawa ni gunia la pili!

Leo mwenye duka alikuja na futi yake akapima mlango wa jiko, akapima na dirisha. Alinisalimia vizuri sana. Watu wakianza kukusalimia vizuri hivyo, ujue wameshapanga meza yao itakaa wapi.

Nisikilize. Usitume tena. Si moja, si nusu, si mfuko wa kufungia karanga. Ukimpenda mtoto na ukinipenda mimi, acha.

Dada yako

*

Tarehe 11, mwezi wa nne

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika kweli, sina la kubishana. Niliposoma ile ya gunia la pili niliona haya nikiwa peke yangu.

Lakini acha na mimi niseme.

Mama yake alipotangulia, mtoto alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wewe ukampokea, mimi nikaenda kutafuta kazi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kutafuta kazi. Nikirudi nyumbani ananiamkia kama mgeni, anakaa pembeni ya kiti. Mara ya mwisho alikuuliza kwa sauti ndogo, "Ataondoka lini?" Ulidhani sikusikia.

Sasa tangu magunia yaanze, mtoto ananiandikia. Hajawahi kuniandikia. Ananiambia nani kamwita nani, ananiambia siri ya kukata kitunguu. Dada, mtoto huyu hanijui mimi, anajua biskuti. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ukiniambia niache, unaniambia nirudi kuwa yule mgeni wa pembeni ya kiti. Kitu kingine sina. Hapa chumbani tuna vitanda viwili, birika la Buli, na vunjavunja. Jioni tunazichovya kwenye chai ya rangi, ndiyo chakula chetu, maana ni za bure na kupika hatujui. Nikianza na kupika nitalala saa ngapi?

Nimetuma gunia jingine na barua hii. Ni dogo. Usinifungie mlango huo, nakuomba.

Mdogo wako

*

Tarehe 25, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Barua yako niliiweka chini nikalia kidogo. Kisha nikakasirika tena, maana gunia lenyewe dogo ulilosema lilinishinda kulinyanyua.

Nilikaa nalo jikoni siku mbili, tunatazamana. Nikitupa, ni jasho lako. Nikimpa mtoto, ni jiko langu. Ijumaa nikawaambia watoto wa darasa lake: "Leo kila mtu atakula anachopenda. Biskuti hizi hapa, kuleni mpaka mseme basi. Sahani hii hapa, wali, maharage na mboga. Mtu asimchagulie mwenzake." Unajua mwenyewe walikwenda wapi. Kwenye sahani walibaki wachache, wengi ni wale ambao nyumbani hawana.

Baada ya hapo tukaenda nyuma ya jiko kutengeneza matuta ya bustani. Kuchimba, kutoa mawe, kuleta maji kutoka kwenye tangi. Mwanzoni wa biskuti walikimbia kama wamewekewa moto. "Nyinyi mna maharage tumboni, mtafika lini?" Wa sahani wakaendelea kuchimba. Jua lilipogeuka, wa biskuti mmoja akakaa kwenye ukingo wa tuta. Kisha mwingine. Kisha ukingo wote ukajaa. Chiriku alishusha ndoo katikati ya njia, akaegemea tangi. "Shangazi, miguu yangu imeisha."

Matuta yalimalizwa na wale wachache. Hawakwenda haraka, ila walimaliza.

Sikuwahubiria. Niliuliza tu, "Nani ana njaa?" Mikono ya biskuti yote ikapanda. Nilikuwa nimeacha sufuria moja juu ya majivu. Waliila mpaka ukoko, nikasikia mwiko unagonga chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia muhula mzima.

Tukirudi nyumbani Chiriku alinyamaza. Njia nzima. Nikadhani anaumwa. Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Shangazi, baba huwa anakula nini?"

Nikamwuliza kwa nini.

Akasema, "Kila barua anasema amechoka."

Mimi sikumjibu, ingawa umeshaniandikia. Mjibu mwenyewe.

Dada yako

*

Tarehe 26, mwezi wa nne

Baba shikamoo,

Usilete biskuti. Sizitaki na sizigawi. Shangazi hajanituma kuandika hivi, yuko uani anafua.

Niliwaambia watoto kwamba kiwanda si cha kwetu. Yule mrefu, aliyekuwa ananifanyia hesabu, akasema, "Kumbe baba yako ni kuli tu?" Nikasema ndiyo, na kila biskuti uliyokula ilipita mgongoni kwake, kwa hiyo mwambie ahsante. Wengine wakacheka. Sasa naitwa tena Chiriku Mdomo, na mkoba nabeba mwenyewe.

Baba, unakula nini? Ulisema nyama na matunda. Niambie kweli. Siku ile ya bustani miguu yangu iliisha kwa ndoo za maji tu, wewe una katoni za siku nzima.

Kama hujui kupika, si vigumu. Nakuandikia maharage jinsi tunavyofanya jikoni. Chukua nusu debe la maharage, chambua mawe, loweka tangu jana yake. Mwaga maji ya kulowekea, weka ndoo mbili za maji mapya. Chemsha mpaka ukibonyeza moja linapasuka bila kulalamika. Kaanga pembeni sinia moja la vitunguu na sinia moja la nyanya kwa upawa mmoja wa mafuta. Changanya. Chumvi kopo moja la maziwa limejaa, lakini mwisho kabisa. Ukitia mapema yanachelewa kuiva. Koroga kwa mwiko mrefu ili usiungue.

Kula na mboga za majani. Zinalinda.

Jibu.

Mwanao Chiriku

*

Tarehe 2, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Dereva amepita mara mbili mikono mitupu. Hana gunia, na hilo nashukuru. Lakini hana barua pia. Nilimwuliza kama uko hai, akasema, "Nilimwona getini, anatembea." Hiyo si habari ya kumpa mtoto.

Kila lori likipita barabarani anatoka. Hasemi anatazama nini. Anarudi anasema mbwa amebweka.

Muhula umeisha. Siku ya kufunga, mwalimu mkuu aliingia jikoni na wazazi watatu, akafunua sufuria moja moja. Zote zilikuwa tupu, moja ilikuwa imeshaoshwa. Mzazi mmoja, mama mnene ambaye ndiye alikuwa na maneno mengi, aliinamisha kichwa ndani kabisa kama anayetafuta pete. Mwalimu mkuu akasema jiko litaendelea muhula ujao, baada ya hapo wataangalia tena. Ndivyo wanavyosema siku zote, wataangalia tena. Nilikaa kwenye benchi nikavua viatu. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Nilichoka tu.

Kwa hiyo kwangu kumetulia. Kilichobaki ni kati yako na mwanao, na hapo siwezi kuingiza mwiko. Aliuliza swali moja. Hata ukijibu vibaya, jibu.

Dada yako

*

Tarehe 15, mwezi wa sita

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na marahaba ya siku zote nilizokaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na karatasi na kalamu, ila nilikaa mbele yake kama watoto wa shangazi yako mbele ya sahani. Barua zangu zote zilikuwa zinakuja na gunia. Bila gunia nilijiona mtu anayebisha hodi bila sababu.

Umeuliza nakula nini. Nakula vunjavunja. Asubuhi na chai, jioni na chai, mchana nazitia mfukoni nikitembea. Nyama niliyokuandikia ilikuwa ya karatasi. Nilikula nyama kweli siku msimamizi alipooa, na hiyo ni zamani.

Niliposoma barua yako niliamua kufanya kama ulivyoamua wewe. Jumamosi ilipofika nilipita pembeni ya foleni nikaelekea getini. Kumbe hapa hakuna mtu aliyewahi kuacha vunjavunja zake. Msimamizi akaniita: "Wewe, huzitaki?" Nikasema sizitaki. Akamtazama mlinzi, mlinzi akanitazama mimi. "Mtu anayekataa nusu," akasema, "huyo anaondoka na nzima." Nilipekuliwa mbele ya watu. Mfuko, viatu, kofia, mpaka soksi wakaigeuza nje ndani. Nikawaambia mtoto wangu amenikataza. Walicheka hao! "Mtoto gani anakataza biskuti?" Mzee Buli akadakia kutoka kwenye foleni: "Yule Mkurugenzi!" Sasa kila Jumamosi napekuliwa, na wenzangu wanagombania kopo langu. Nimezoea.

Halafu nikapika.

Chumbani haturuhusiwi moto, kwa hiyo tulitoka uani karibu na bomba. Buli aliazima jiko la mkaa na sufuria kwa mke wa mwenye nyumba, ambaye alileta na kigoda akakaa kutazama, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Tulifuata barua yako neno kwa neno. Ila nusu debe, mwanangu, nusu debe tungeliweka wapi? Nikaona wewe unapikia shule nzima, sisi ni wawili. Nikapunguza maharage mpaka vikombe viwili. Nikapunguza maji. Vitunguu, badala ya sinia, viwili. Nikaloweka tangu jana, nikamwaga maji, nikabonyeza mpaka moja likapasuka bila kulalamika. Buli alisimama juu yangu na barua yako akisoma kama imamu wa mchuzi. Mwisho kabisa akasoma: "Chumvi kopo moja la maziwa limejaa." Nikatia.

Ndiyo. Kopo zima. Limejaa.

Mke wa mwenye nyumba alipiga kelele, lakini ilikuwa imeshaingia. Buli alionja kwanza kwa sababu ni mkubwa. Alikwenda bombani akanywa maji kwa mikono yote miwili, akarudi akakaa, akasema, "Chiriku anatulinda kweli. Hapa hata ugonjwa hausogei."

Ulikuwa mlo wa kwanza wa kwetu humu ndani, sikutaka kuumwaga. Tuliyaweka maharage kwenye karai tukayaosha bombani kama nguo, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vitunguu vyote vikaenda na maji. Kilichobaki kilikuwa cha rangi ya mkaa na hakina sura kuliko hata vunjavunja. Tulikila kwenye kigoda, watu watatu, maana na yule mama alibaki. Tulikimaliza. Jumatatu yake nilipakia malori mpaka jioni, na nilichoka kama kawaida, nisikudanganye. Lakini macho hayakuona katoni mahali ambapo hakuna.

Mboga za majani bado sijajaribu, naziogopa.

Sina kitu cha kukutumia na barua hii. Dereva ameniuliza mara mbili kama nimesahau mzigo. Nimemwambia mzigo ni huu, asiukunje.

Mwombe shangazi akusaidie hesabu, uniandikie tena kipimo. Cha watu wawili. Niambie na chumvi ni vidole vingapi, vitatu au viwili, na mboga ukizikata unaanzia wapi, na ukishazitia kwenye sufuria unajuaje kwamba sasa basi. Andika kila kitu, hata unachodhani nakijua. Sikijui.

Baba yako